Fomu Iliyozaliwa na Tiki

Kuna watu wakipewa karatasi wanaikunja na kuitia mfukoni. Nanyokie akipewa karatasi anaigeuza kwanza nyuma, aone kama huko nyuma kuna mtu amejificha.

Ndivyo nilivyomfahamu. Aliingia steshenari yetu hapa Karatu wiki ile vyuo vinafungua, akaweka mezani bahasha ya nailoni yenye kifungo, akasema, "Kaka, nitolee kopi mojamoja. Mbele na nyuma."

"Nyuma hakuna kitu, dada."

"Nitolee hivyo hivyo. Wasije wakaandika baadaye."

Nikatoa kopi za kurasa tupu. Kazi ni kazi. Ndani ya bahasha kulikuwa na barua ya udahili, ratiba ya masomo, ramani ya majengo, na tangazo la hosteli kwamba maji yatakatika Jumamosi.

"Hili la maji nalo?"

"Lina muhuri," akanijibu, akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyeyakata.

Kwao ni Nainokanoka, juu kule hifadhini kwa wafugaji wanaosema Kimaa, mahali ambapo ukungu unaingia ndani ya nyumba bila kupiga hodi. Alisoma kwa kutembea, msingi na sekondari, na alipomaliza kidato cha sita akapata nafasi katika tawi la chuo kikuu kimoja lililofunguliwa hapa Karatu. Jina la chuo sitalitaja, maana mimi na vyuo bado hatujamalizana. Aliomba Usimamizi wa Nyanda za Malisho, hakuomba kingine. Fomu ya kuomba ilikuwa na nafasi tatu za kuchagua, naye nafasi zote tatu aliandika hiyo hiyo. Ukimuuliza kwa nini, anakujibu kwa sauti ya mtu aliyeibiwa: "Baba yupo Malambo na ng'ombe kwa sababu kwetu nyasi zimeondoka. Zimerudi nyingine ambazo ng'ombe hawali. Nataka nijue nani kazileta."

Hapo ndipo nilipoanza kumpenda kama rafiki. Mtu anayeshuku hadi nyasi ni mtu wa kukaa naye.

Nijieleze kidogo, nisije nikaonekana mtu baki tu mwenye mashine. Naitwa Hilary. Nilisoma diploma ya utalii hadi katikati, katikati kabisa, pale ambapo kurudi ni mbali na kumaliza ni mbali, halafu nikadisko. Kudisko, kwa wasiojua lugha ya vyuoni, ni kuondolewa masomoni kwa adabu, kwa barua yenye neno "tunasikitika." Tangu hapo mimi nimekuwa mshauri wa bure wa kila mwanafunzi anayekuja kutoa kopi. Ushauri wangu ni mmoja: usiwaamini.

Nanyokie hakuhitaji kufundishwa hilo. Kwao alikwisha kufundishwa. Baba yake mdogo, mzee mmoja anaitwa Senteu, aliwahi kuhudhuria mkutano wa mradi wa mizinga ya nyuki. Watu wa mradi walikuja na tabasamu na soda, wakapitisha karatasi ya mahudhurio, kila mtu akasaini, asiyejua kuandika akaweka dole gumba. Miezi miwili baadaye ile karatasi ya mahudhurio ikarudi ikiwa imeshikizwa nyuma ya karatasi nyingine, na hiyo nyingine ilisema wote waliosaini wamekubali mizinga iwekwe kwenye malisho ya ndama. Ndama waliumwa na nyuki mpaka ikabidi wazee wafanye vikao vitatu. Tangu siku ile, pale kwa Senteu, mgeni mwenye faili anaulizwa alikotoka kabla hajapewa chai, na hakuna mtu anayesaini kitu akiwa peke yake. Karatasi ya kukubali jambo inasomwa mbele ya watu, kwa sauti, kama shauri la boma.

Basi chukua binti wa nyumba hiyo, mpeleke kwa mshauri wa masomo.

Mshauri wa masomo ni mwalimu ambaye chuo kinampangia kila mwanafunzi mpya, amwelekeze kuhusu kozi za lazima na za hiari, krediti, mitihani, na mambo mengine ambayo ukikosa kuyajua mapema utayajua kwa barua. Nanyokie alipangiwa Mwalimu Josephati, mtu wa Mbulu, mpole mpaka inatia mashaka. Jumatatu ya wiki ya tatu alikwenda ofisini kwake. Wanafunzi walikuwa foleni, na mlangoni alisimama Goodness, kiongozi wa darasa, anagawa fomu za kusajili kozi kama mtu anayegawa vipeperushi vya mkutano wa injili.

"Jaza jina, namba, ingia, saini, toka," Goodness akamwambia. "Usituletee hotuba, mwaya. Foleni ndefu."

Nanyokie akajaza jina na namba, akaingia. Kwa adabu ya kwao akainamisha kichwa mbele ya mkubwa, asubiri aguswe utosini. Mwalimu Josephati akadhani binti kaangusha kitu. Naye akainama. Wakabaki wote wawili wameinama, mmoja anasubiri baraka, mwingine anatafuta kalamu chini ya meza.

"Hujaangusha kitu," mwalimu akasema alipoinuka.

"Hapana, mwalimu."

"Karibu, kaa. Nyumbani ni wapi?"

"Nainokanoka."

"Ooh, safi sana. Na nyumbani mpo wangapi?"

Hapo Nanyokie akakaza uso. Kwao watu hawahesabiwi kama viazi, na mtu anayekuuliza idadi ya watu wa nyumbani kwenu mara ya kwanza tu mnapokutana, ana jambo.

"Tupo," akajibu.

"Wangapi?"

"Tupo, mwalimu."

Mwalimu akaandika kitu kwenye daftari lake. Nanyokie alipochungulia akaona kimeandikwa "hajui." Hilo lilimkera kuliko yote.

"Haya, binti. Kozi zako zote ni za lazima muhula huu, hakuna cha kuchagua. Saini tu hapo chini, haina shida."

Neno hilo ndilo lililoharibu. Angesema "saini," pengine angesaini. Angesema "soma kwanza," angesoma. Lakini "saini tu, haina shida" ni maneno yale yale ya watu wa nyuki, neno kwa neno, labda na soda tu ndiyo iliyokosekana. Nanyokie akasimama, akachukua fomu yake, akasema, "Nitairudisha, mwalimu," na kabla mwalimu hajafunga mdomo yeye yuko nje.

Alikuja moja kwa moja dukani kwangu.

"Kaka Hilary, nitolee kopi."

Nikatoa. Sikuisoma. Ningeisoma siku ile, hadithi hii ingekuwa fupi na mimi ningekuwa na heshima. Badala yake nilijiegemeza mezani, nikavaa sura ya mtu aliyeona mengi.

"Alikwambia haina shida?"

"Alisema."

"Usisaini. Mimi nilisaini kila kitu walichonipa, na leo niko hapa nazungumza na mashine. Hao walimu wana jambo lao. Mpole namna ile? Mtu hawi mpole bure."

Goodness naye akaingia, anatoa jasho. "We Nanyokie! Wenzako wote arobaini na mmoja wamerudisha. Umebaki wewe. Mfumo unafungwa Ijumaa saa nne asubuhi. Usiposajiliwa hufanyi mtihani, usipofanya mtihani unarudi kwenu. Sasa unangoja nini, malaika?"

"Nangoja baba mdogo."

"Baba mdogo anasoma chuo gani?"

Nanyokie akafunga kifungo cha bahasha yake, na Jumanne alfajiri akapanda lori la unga linalopandisha kupitia geti la hifadhi, likamshusha njia panda, akamalizia kwa miguu kwenye baridi ile ya kuuma masikio. Jambo lilikuwa wazi kwake kama lilivyo kwako: Ijumaa saa nne, awe amesajiliwa kwenye nyasi zake, au arudi nyumbani na bahasha ya kopi.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Nanyokie na Senteu, na walipishana sehemu moja tu: nani aliona kwanza.

Jumatano, ng'ombe wachache waliobaki walipokwisha kutoka, Senteu alikaa juani nje ya zizi, shuka mabegani, fimbo magotini. Yeye shule aliiacha darasa la tatu, lakini ukimsomea kitu leo, mwaka kesho atakurekebisha. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo Nanyokie alisoma mstari, akaugeuza kwa Kimaa, akasubiri.

"Jina la mwombaji," akasoma.

"Mwombaji wa nini? Si walishakuchukua?"

"Ndivyo wanavyoandika, baba mdogo."

"Wanaandika hivyo ili ukae ukijua unaomba. Endelea."

"Jumla ya krediti."

"Ni nini hiyo?"

"Uzito wa masomo. Somo moja lina krediti kumi, jingine nane."

"Nani aliyepima?"

"Chuo."

"Ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

Senteu akaguna. "Endelea, lakini hapo tutarudi."

Wakaenda hivyo, mstari kwa mstari, jua likipanda. Ukurasa wa pili, chini kabisa, kulikuwa na sentensi tatu kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, kila moja na kisanduku chake. Ya kwanza, nimepokea kitabu cha kanuni. Ya pili, taarifa nilizotoa ni za kweli. Ya tatu, ninakubali kuhamishiwa programu ya Utalii na Ukarimu. Kisanduku cha kwanza kitupu. Cha pili kitupu. Cha tatu kina tiki.

Nanyokie anasema yeye aliiona tiki ile Jumatatu jioni hosteli, akadhani labda fomu za chuo kikuu zinakuja zimejikubalia zenyewe. Senteu anasema binti hakuona chochote mpaka yeye mzee alipouliza.

"Huko ndiko kuna nyasi?" mzee akauliza.

"Hapana. Huko ni hotelini. Kupokea wageni, kupanga meza, vitanda."

"Na nyasi?"

"Hakuna nyasi, baba mdogo. Labda za bustani."

"Na wewe umekubali?"

"Sijakubali! Hii tiki siyo yangu."

Senteu akaichukua karatasi. Akalowesha kidole kwa mate, akasugua jina la Nanyokie pale juu. Wino ukatanda, kidole kikawa cha bluu. Akalowesha kidole kingine, akasugua tiki. Haikusogea. Akasugua tena mpaka karatasi ikaanza kutoa nyuzi. Tiki imetulia.

"Hii haikuandikwa," akasema. "Hii imezaliwa na karatasi."

Kule juu mtu akiletewa ndama mwenye chapa ya boma jingine hapotezi muda kumkagua ndama. Anauliza chapa ni ya nani, anafuata boma mpaka boma, mpaka ampate mwenye chuma cha kuchomea chapa. Senteu alikwisha kuwarudisha ndama wengi hivyo. Alisimama, akakung'uta shuka.

"Twende tukamtafute mwenye chapa."

Alhamisi saa tisa alasiri walisimama mbele ya meza yangu. Mzee alinisalimia, akaniuliza habari za nyumbani, za wazazi, za mvua, yote kwa utaratibu, halafu akaweka fomu mbele yangu.

"Kijana wa mashine. Karatasi kama hii inazaliwa wapi?"

Niliiangalia. Nikaona tiki.

Nilikumbuka vizuri sana. Wiki ile ya kufungua, Goodness alikuja na fomu iliyotumika ya mtu mwingine, akataka kopi sitini. Nikachukua rangi nyeupe ya kufutia, nikafuta jina, nikafuta namba, nikafuta saini, nikapuliza ikauke, nikaipeleka kwenye mashine huku namsimulia mteja mwingine jinsi walimu wa vyuo walivyo wazembe. Ukurasa wa pili, chini, sikuutazama.

Ningeweza kunyamaza. Nilifikiria kunyamaza, tena kwa undani. Lakini mzee alikuwa ananitazama kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba ndama hatembei mwenyewe. Nikavuta droo, nikatoa ile fomu mama iliyozaa nyingine zote, nikaiweka mezani. Senteu akakwangua rangi nyeupe kwa ukucha. Chini yake likatokea jina: Martha.

"Martha ni nani?"

"Simjui, mzee."

"Humjui, na umempa binti yangu chapa yake."

Nikaanza kupanga kalamu ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Nilisahau tu."

"Watu wa nyuki nao walisahau," akasema. "Funga duka. Twende wote."

Nanyokie alinitazama, halafu akachukua fomu mama, akaitia kwenye bahasha yake, akafunga kifungo. Nikajua urafiki wetu umewekwa kizuizini kwa upelelezi.

Mwalimu Josephati alipoona mlango unafunguliwa na wanaingia binti, mzee mwenye fimbo, na mimi, alisogeza kiti nyuma kidogo.

"Karibuni. Kuna tatizo?"

"Hatujui bado," Senteu akasema. Hakukaa. Kwao mtu anayesema jambo la maana anasimama. "Mwalimu, wewe ulimwambia binti yangu asaini, haina shida. Nimekuja kukuuliza: shida ulikuwa umeitafuta wapi ukaikosa?"

Mwalimu akacheka kidogo, akaona hakuna mwenzake wa kucheka naye, akaacha. Nanyokie akaweka fomu mezani, akaonyesha tiki.

Mwalimu akaisoma. Uso ukabadilika, ila si kwa namna tuliyotarajia. "Binti," akasema polepole, "umeweka tiki mwenyewe, sasa umebadili mawazo, ndiyo unaleta wazee? Sema tu. Fomu iliyofutwafutwa haipokelewi, nitakupa—"

"Sijaweka."

"Sasa nani?"

"Mimi," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Yaani, mashine. Yaani, Martha. Ngoja nieleze."

Nikaeleza. Mwalimu hakuniamini. Alimpigia simu Goodness, Goodness akaja na kandambili na kitenge kichwani, akasikia mashtaka, akalipuka.

"Sasa mimi nifanyeje? Nilienda masijala nikaomba fomu, wakaniambia zimeisha, katoe kopi. Nitoe kopi ya nini? Ya ukuta? Nikaazima kopi ya Martha wa mwaka wa pili. Yeye alihamia utalii kwa hiari yake, na anafurahi sana huko, muulizeni!"

"Na hukuisoma?" Nanyokie akamuuliza.

"We umeisoma kwa sababu una baba mdogo. Mimi nina watu arobaini na mmoja wananigongea mlango!"

Namba hiyo ilipotajwa, Mwalimu Josephati akageuka taratibu kwenye kabati lililoko nyuma yake. Akatoa rundo. Akafungua fomu ya kwanza, ukurasa wa pili. Akafungua ya pili. Ya tatu. Alipofika ya saba akawa anafungua haraka kama mtu anayetafuta kitambulisho kilichopotea. Zote zina tiki. Darasa zima la malisho lilikuwa limekubali kwenda kutandika vitanda.

Senteu alisogea, akaweka kidole chini ya ukurasa mmoja. "Na hii saini nyingine hapa ni ya nani?"

"Yangu, mzee."

"Zote?"

"Zote."

"Ulisoma?"

Mwalimu akasema, "Nilisoma juu."

Lazima niseme kitu kwa haki ya mtu huyu, ingawa haki kwa walimu siyo desturi yangu. Angeweza kutufukuza. Mlango ulikuwa wake. Badala yake alivuta kitabu cha kanuni kutoka chini ya chupa ya chai, na duara la kitako cha chupa lilikuwa limejichora kwenye jalada, akatafuta ukurasa.

"Kuhama programu," akasoma, safari hii kwa sauti, akigeuza kwa Kiswahili. "Mwanafunzi ataandika barua kwa mkono wake. Mshauri atamweleza ana kwa ana faida na hasara. Saini ya mshauri kwenye fomu ni uthibitisho kwamba mwanafunzi ameelezwa na ameelewa."

Akataka kufunga kitabu.

"Rudia ya mwisho," Senteu akasema.

Akarudia, kwa sauti ndogo zaidi.

"Kwa hiyo wewe umewaambia wakubwa wako kwamba watu arobaini na mmoja wameelezwa."

"Ndiyo, mzee. Ndivyo saini yangu inavyosema."

"Umewaeleza wangapi?"

Mwalimu akalisogeza rundo pembeni. Ni Nanyokie aliyevuta kiti, akakaa kwa mara ya kwanza siku hiyo, akafungua daftari.

"Mwalimu, kwa kuwa kitabu kimefunguka, nieleze. Nikifeli somo moja inakuwaje?"

"Unafanya sapu. Mtihani wa marudio, kabla ya mwaka mpya wa masomo."

"Nikifeli na hiyo?"

"Unalibeba somo mwaka unaofuata. Yakizidi kiasi, au wastani wako ukishuka chini ya kilichowekwa, hapo ndipo mtu anadisko."

"Kiasi gani? Nionyeshe palipoandikwa." Akaonyeshwa. Akaandika namba ya ukurasa. "Na ukame ukizidi, nikaitwa Malambo kusaidia kuhamisha mifugo wiki mbili?"

"Mahudhurio yasiwe chini ya asilimia sabini na tano. Ukishuka hapo, huruhusiwi kufanya mtihani."

Asilimia sabini na tano. Naifahamu hiyo. Tunajuana. Mimi mama aliumwa muhula wa tatu, nikakaa naye hospitali mwezi mzima, nikarudi nikakuta jina langu limetolewa kwenye orodha ya mtihani.

"Isipokuwa," mwalimu akaendelea, kidole kikifuata mstari, "mwanafunzi mwenye udhuru wa ugonjwa au jambo zito la kifamilia, akiandika barua kwa mshauri wake ndani ya siku saba, mahudhurio yake yatahesabiwa upya."

Vyuo vyote vina mstari kama huo, aliongeza. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilijifanya nasoma tangazo la ukutani. Lilikuwa la mwaka juzi.

"Kaka Hilary," Nanyokie akaita bila kugeuka, "na wewe andika."

Sikuwa na karatasi. Nikaandika kiganjani.

Baada ya hapo kazi ilikwenda haraka. Mwalimu alimpigia mtu wa masijala, akapata fomu halisi kwenye barua pepe, dakika tatu, kitu ambacho Goodness alikiangalia kwa hasira ya kumtoa mtu machozi. Ikachapishwa pale pale. Senteu akataka isomwe yote, na ikasomwa yote, na mwalimu ndiye aliyesoma. Visanduku vitatu vilikuwa vitupu. Nanyokie akaweka tiki ya kwanza alipopewa kitabu cha kanuni mkononi, siyo kabla. Akaweka ya pili. Cha tatu akakipiga mstari wa kukata, mrefu, kutoka ukingo hadi ukingo. Akasaini mbele yetu sote. Kisha akaisukuma fomu kwa mwalimu.

"Soma, halafu usaini."

"Nimeshaisoma sasa hivi, binti, mbele yenu."

"Ulitusomea sisi. Sasa jisomee wewe."

Akaisoma, na midomo yake ilikuwa inacheza. Akasaini. Akafungua kompyuta, akaingiza jina la binti kwenye mfumo, na Nanyokie akamwomba ageuze kioo upande wetu. Tukaona: jina lake, namba yake, Usimamizi wa Nyanda za Malisho, umesajiliwa. Akamwomba afunge ukurasa na aufungue tena. Bado ulikuwa pale. Ndipo mabega ya Nanyokie yaliposhuka, kidogo tu, kama mtu aliyetua ndoo.

Mwalimu akamgeukia Goodness. "Wote arobaini na mmoja, kesho saa moja asubuhi, hapa. Mmoja mmoja. Atakayetaka utalii aje na barua."

"Na atakayeuliza kwa nini?"

"Mwambie nitamweleza. Mimi mwenyewe." Halafu akamtazama Senteu, amechoka, lakini macho yake yalikuwa yametulia. "Mzee, nakuomba radhi. Limekwisha sasa. Mpaka muhula wa pili."

Senteu alikuwa ameshashika kitasa. Akasimama.

"Muhula wa pili kuna nini?"

"Wanasajili tena, mzee. Kozi mpya, fomu mpya. Kila muhula."

"Kila muhula?"

"Kila muhula, miaka mitatu."

Mzee aliniangalia mimi, akamwangalia Goodness, akaiangalia ile mashine ya kuchapisha pembeni kama mtu anayekariri sura ya mwizi. Kisha akarudi, akavuta kiti, akakaa, fimbo akailaza magotini.

"Basi ya muhula wa pili nisomee leo," akasema. "Bado mapema."

Mwalimu Josephati akatazama saa ya ukutani, akamtazama Nanyokie aliyekuwa tayari amefungua ukurasa mpya wa daftari, akafungua kitabu.